Tituba wa Salem: Mtumwa aliyepewa sauti na riwaya

KESI za uchawi za Salem, Massachusetts, mwaka 1692, hukumbukwa zaidi kwa idadi ya waliokufa. Watu 19 walinyongwa, 14 kati yao wakiwa wanawake. Tituba hatajwi sana. Huyu alikuwa mtumwa nyumbani kwa mchungaji Samuel Parris, na ni mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kukamatwa.

Tituba alikiri uchawi, akapona. Rebecca Nurse, bibi kizee mwenye miaka 71 na muumini aliyeheshimika, alikana, akanyongwa Julai 19. Wazee wa baraza walikuwa wamemwona hana hatia, wakatakiwa kufikiri upya. Ukoo wake ulikuwa na ugomvi wa mipaka ya mashamba na akina Putnam, na akina Putnam hao hao walikuwa miongoni mwa walalamikaji.

Tituba alikaa gerezani zaidi ya mwaka, kisha akauzwa kwa mtu aliyelipa gharama za gereza. Baada ya hapo kumbukumbu hazimtaji tena.

Pengo hilo ndilo alilolijaza Maryse Condé, mwandishi wa Guadeloupe aliyefariki mwaka 2024. Katika riwaya yake ya Kifaransa ya mwaka 1986, Moi, Tituba sorcière… noire de Salem, Tituba anasimulia mwenyewe. Mama yake alinyongwa Barbados kwa kumkata panga bwana aliyetaka kumbaka. Yeye anakombolewa na mfanyabiashara, anapewa uhuru na kurejea Barbados. Huko nako anatiwa kitanzi, safari hii kwa uasi. Sisi tuliorejea nyumbani tunaelewa: kufika kwenu si mwisho wa hofu.

Wanafunzi wangu huniuliza iwapo uchawi upo. Mimi huwauliza ni nani hutuhumiwa. Mara nyingi ni mjane, mgeni, au asiye na wa kumtetea. Tuliosoma ukimbizini Tanzania, na wenzetu wanaopeleka bidhaa Kahama na Shinyanga, tunazo habari za vikongwe wa Usukumani waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni.

Basi, ndugu msomaji, mjane akiitwa mchawi kijijini kwako, uliza kwanza shamba lake limepakana na la nani.