Je, Amelewa au Ni Mgonjwa?

Toka Kavimvira mpaka Kalundu arusi nyingi haziishi pasipo kinywaji. Wazee hutengewa kasiksi ya ndizi, vijana hununua Primus, na wengine, twasikitika kusema, hutafuta lotoko. Leo hatutaki kuhubiri juu ya ulevi. Bwana wetu mwenyewe alikwenda arusini Kana. Twataka kusema habari ya mmoja tu kati ya wale wakaao mezani: mwenye ugonjwa wa sukari, atumiaye dawa.

Wengi hudhani kwamba pombe humdhuru kwa utamu wake. Ni kweli, kasiksi ina sukari ya ndizi, na kwanza sukari ya damu yaweza kupanda. Lakini hatari iliyo kubwa zaidi ni kushuka kwake. Ini ni ghala ya mwili: huweka akiba ya sukari, na usiku, mtu asipokula, huitoa kidogo kidogo, tena hutengeneza nyingine. Pombe ikiingia, huizuia kazi hiyo ya kutengeneza. Insulini, au vidonge kama glibenklamidi, huendelea kushusha sukari vile vile. Basi yuko wa kupunguza, wa kuongeza hayupo. Aliyekunywa jioni pasipo kula hata bugali na ndagala aweza kuanguka usiku wa manane, au asubuhi yake, wakati pombe yenyewe imekwisha sahauliwa. Lotoko ni mbaya zaidi, kwani hakuna ajuaye nguvu yake.

Metformini peke yake haishushi sukari namna hiyo, ila mnywaji wa kupindukia aweza kujaza asidi katika damu. Ni jambo la nadra, lakini huua.

Mgonjwa na amwulize daktari wake kama aweza kunywa. Akiruhusiwa, anywe kidogo, pamoja na chakula, na apime damu kabla ya kulala.

Linalotutisha sisi ni hili. Sukari ikishuka chini ya miligramu 70 katika desilita moja ya damu, mtu hutetemeka, hutoka jasho, hupepesuka, maneno yake huchanganyika, pengine hugombana na watu. Na kinywa chake chanuka pombe! Nani asiyesema, “Mwacheni alale, ataamka”? Wako wasioamka.

Kama aweza kumeza, apewe mara moja vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, na baada ya robo saa apimwe tena, kisha ale. Aliyezimia asitiwe kitu kinywani. Alazwe ubavu, apelekwe hospitali upesi. Wenzake wasifiche habari ya pombe kwa kuona haya, kwani sindano ya glukagoni, iliamshayo ini litoe akiba yake, huenda isimfae mtu ambaye akiba hiyo imekwisha. Huyo ahitaji kutiwa sukari mshipani, na muuguzi atajuaje asipoambiwa?