Je, Wajua? Jenerali Aliyewekwa Rehani na Baba Yake

Sogea karibu, leo ni zamu ya mtu mmoja tu: Jenerali Thomas-Alexandre Dumas. Je, wajua kwamba mtu mweusi, mtoto wa mtumwa, aliongoza moja ya majeshi ya Ufaransa zaidi ya miaka 200 iliyopita? Alikuwa na umri wa miaka 31, na chini ya amri yake walikuwepo askari zaidi ya 40,000!

Wajua alizaliwa wapi? Jérémie, katika koloni ambalo leo ndilo Haiti, tarehe 25 Machi 1762. Mama yake, Marie-Cessette, alikuwa mtumwa. Baba yake alikuwa kabaila wa Kifaransa aliyejificha huko kwa jina la uongo.

Sasa shika benchi vizuri: baba huyo alimweka mwanawe rehani! Alitaka nauli ya kurudi Ufaransa, basi akamkabidhi kijana kwa mnunuzi kwa sharti kwamba anaweza kumkomboa baadaye. Watoto wake wengine aliwauza kabisa, bila sharti lolote.

Mwaka 1776 baba alimkomboa huyu mmoja, akamwagizia merikebu. Kijana wa miaka 14 alishuka bandari ya Le Havre, Ufaransa, akiwa ameandikwa mtumwa. Miaka 17 baadaye nchi hiyohiyo ilimpa jeshi aliongoze. Hebu pima mwenyewe.

Je, wajua kwamba jina Dumas ni la mama? Mwaka 1786 kijana alijiunga na kikosi cha wapanda farasi cha malkia kwa cheo cha chini kabisa, na baba akaona aibu jina la ukoo wa kifahari kubebwa na askari wa kawaida. Kijana hakubishana. Akachukua jina la mama yake, mtumwa, na jina hilo ndilo dunia inalolijua hadi leo. Baba alikufa siku 13 tu baadaye.

Alikuwa jitu la mtu, urefu wake zaidi ya mita 1.8. Mwanawe ameandika kwamba aliweza kuning'inia kwenye boriti ya banda huku amembana farasi kwa mapaja, akamwinua juu! Habari za mtoto kwa baba yake hizo, lakini nani asingependa kuziamini?

Wajua jinsi vyeo vyake vilivyopanda kwa kasi? Agosti 1792 Dumas alikuwa koplo. Mwezi huo, akiwa na wapanda farasi wachache tu, aliteka maadui 12 kwa mpigo. Oktoba akawa luteni kanali, Julai 1793 brigedia jenerali, na Septemba 1793 mkuu wa jeshi. Mwaka mmoja na kitu, kutoka koplo hadi juu kabisa!

Na katikati ya safari hiyo alikuwa naibu kamanda wa kikosi cha watu huru weusi na machotara. Unajua kamanda wake alikuwa nani? Chevalier de Saint-Georges, naye mtoto wa mtumwa, kutoka Guadeloupe: bingwa wa upanga, mpiga fidla na mtunzi wa muziki. Wawili hao katika kikosi kimoja!

Hili nalipenda kuliko yote. Enzi za Mapinduzi ya Ufaransa, vichwa vilikuwa vikikatwa hadharani, na mjini Bayonne nyumba ya Dumas ilitazama uwanja wa kukatia. Watu walijaa madirishani kutazama. Yeye akafunga madirisha yake. Wakambandika jina la kejeli: Bwana Utu! Jina zuri kuliko nishani yoyote, ukiniuliza mimi.

Mei 1794 vikosi vyake viliteka njia ya mlima Mont Cenis, zaidi ya mita 2,000 juu, kwenye theluji na barafu. Mateka? Zaidi ya 900.

Umewahi kusikia mtu mmoja kuzuia daraja? Machi 1797, huko Klausen katika milima ya Tirol, Dumas alisimama darajani peke yake na upanga wake, akawazuia wapanda farasi wa Austria hadi wenzake wakafika. Waaustria walimwita Shetani Mweusi. Hata Jenerali Napoleon, mkuu wake vitani, alimfananisha na shujaa wa Roma ya kale.

Mwaka 1798 Dumas na Napoleon walikwenda Misri pamoja, Dumas akiwa mkuu wa wapanda farasi. Daktari mkuu wa msafara aliandika kwamba wenyeji, walipomwona jitu lile juu ya farasi, walidhani yeye ndiye kiongozi! Wakubwa hao wawili wakakorofishana, na Machi 1799 Dumas akaondoka kwa merikebu kuukuu akiwa na farasi 11 wa Kiarabu, madume 2 na majike 9, na ratili 4,000 za buni ya Mokha. Unanusa?

Merikebu ikavuja, wakakimbilia Taranto, kusini mwa Italia. Huko maadui wa Ufaransa wakamtupa gerezani miaka 2! Alitoka mwaka 1801 jicho moja halioni, sikio moja halisikii, na mwili umedhoofu. Mishahara yake ya kifungoni hakulipwa. Huo ulikuwa udhalimu, na hauna jina lingine.

Na tazama tarehe hizi: 20 Mei 1802 Napoleon, sasa mtawala wa Ufaransa, alirudisha utumwa katika makoloni ya Ufaransa. Tarehe 24 Julai mwaka huohuo Dumas akapata mtoto wa kiume. Mtoto huyo ndiye Alexandre Dumas, mwandishi wa riwaya ya Les Trois Mousquetaires! Na ile riwaya yake ya Monte-Cristo, ya mtu aliyefungwa bila kosa, sasa unajua mbegu yake ilitoka wapi.

Jenerali alifariki tarehe 26 Februari 1806 akiwa na miaka 43. Mtoto, aliyekuwa na miaka 3 tu, alichukua bunduki akapanda ngazi: alisema anakwenda mbinguni kupigana na Mungu aliyemchukua baba. Ameyaandika mwenyewe.

Paris ilimjengea sanamu. Ikang'olewa na kuyeyushwa wakati Wajerumani wameukalia mji. Mwaka 2009 mahali pale pakasimamishwa pingu kubwa, mnyororo umekatika.

Na je, wajua kwamba nyaraka zake zilifungiwa ndani ya sefu huko Villers-Cotterêts, na aliyejua namba za kuifungua akafa nazo? Mwandishi Tom Reiss alipata kibali, fundi akaitoboa sefu! Kitabu kilichotoka humo kilishinda tuzo ya Pulitzer mwaka 2013.