Mionzi katika kuta za nyumba zetu

Ikitajwa mionzi, wengi wetu hukumbuka eksirei za hospitali au mabomu ya nyuklia. Lakini mionzi ya asili imo pia katika ukuta wa chumba chako. Mawe, mchanga, udongo na saruji vyote asili yake ni ardhini, na ardhini kuna urani, thoriamu na potasiamu. Kwa kawaida kiasi chake ni kidogo, wala si cha kukutia hofu.

Tatizo ni gesi. Urani inapovunjika taratibu hatimaye hutoa gesi ya radoni, isiyo na rangi wala harufu. Nje hupeperushwa na upepo. Ndani ya nyumba iliyofungwa hujikusanya. Nyingi hutoka chini ya sakafu, nyingine ukutani. Ikivutwa kwa miaka mingi huweza kuleta saratani ya mapafu, na mvuta sigara yumo hatarini zaidi. Mwaka 2009, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri radoni ndani ya nyumba isizidi bekereli 100 kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa, na pale isipowezekana, isipite 300.

Vifaa vya ujenzi havilingani. Huko Sweden, hadi miaka ya 1970, watu walijengewa nyumba kwa zege nyepesi iliyotengenezwa kwa mwamba wenye urani, kisha ikaachwa. Katika pwani ya Kenya, kilima cha Mrima huko Kwale kina udongo wenye thoriamu nyingi. Thoriamu hutoa gesi ya thoroni, ambayo nusu yake hutoweka kabla ya dakika moja kwisha, hivyo hubaki karibu na ukuta ulioitoa. Nyumba iliyokandikwa kwa udongo kama huo yahitaji uangalifu.

Ufanye nini basi?

Kwanza, fungua madirisha kila siku. Kama unahofia mbu, weka wavu, usizibe hewa.

Pili, ziba nyufa za sakafu, na ukuta wa udongo upige lipu.

Tatu, usisogeze kitanda cha mtoto hadi kigusane na ukuta usio na lipu.

Nne, usichukue udongo wa kujengea mahali panapojulikana kuwa na mionzi mingi.

Tano, sigara isivutwe ndani.

Huna haja ya kubomoa nyumba. Anza na dirisha, leo hii.