Mbele ya kuformata mashini

Umeme umerudi, unawasha kompyuta ya ofisi, na mbele ekrani ijae vizuri, kadirisha kadogo kanatokea katikati: «Le module spécifié est introuvable». Unafinya OK, kanaondoka. Kesho asubuhi kamerudi. Hapa Butembo na kule Beni, watu wengi wanaofanya kazi mu maofisi, mashule na makoperative wanakajua hako kadirisha. Na wengi wamekwisha kusikia jibu la fundi: «Papa, hii mashini imekufa na virusi, tuformate tu.»

Jibu hilo mara nyingi si la lazima, na bei yake si zile dola za fundi peke yake. Kuformata ni kupangusa diski yote. Windows inawekwa upya, mashini inakimbia vizuri, lakini kila kitu ulichokuwa umeandika kimekwenda, kama hakuna aliyekitoa mbele. Mu ofisi moja ya sendika hapa mjini walirudishiwa mashini safi kabisa: listi ya michango ya miaka 3 haikuwamo tena, wala majina ya wachimbaji waliofunikwa na udongo mu mashimo, na tarehe, na majina ya wajane. Patroni akisema kesho kwamba yule hakuwa mfanyakazi wake, mtamuonyesha nini?

Sasa hako kadirisha kanasema nini kwa kweli? Virusi ikiingia mu mashini, moja ya kazi zake za kwanza ni kujiandikisha kwenye listi ya programu ambazo Windows inaita kila mara inapowaka. Kisha siku moja antivirusi inaikamata na kufuta fishie yake. Lakini jina lake linabaki kwenye listi. Ni kama mwalimu anayeita majina asubuhi: mtoto amefukuzwa, jina halijapangushwa, mwalimu anaita na hakuna anayeitika. Windows nayo inaita, haipati kitu, inalalamika. Ni hiyo tu. Basi mara nyingi ule ujumbe unatangaza kwamba mwizi amekwisha kuondoka.

Nimesema mara nyingi. Inawezekana fishie moja ilifutwa na ingine ingali imejificha. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuchunguza mashini yote. Mu Windows 10 na 11 antivirusi ya Microsoft, Defender, imo tayari bila kulipa, na ina namna ya kuchunguza inayoitwa «hors ligne»: mashini inazima, inawaka tena na kutafuta virusi mbele Windows yenyewe haijaamka, wakati virusi haijapata nafasi ya kujitetea. Shida yetu ni megabaiti. Antivirusi ambayo haijapata habari mpya toka mwaka jana ni askari kipofu. Lakini zile habari Microsoft inazitoa pia mu fishie moja, mpam-fe, ambayo unaweza kutelesharja pahali penye koneksio nzuri na kuileta ofisini.

Kisha ndiyo tunapangusa jina kwenye listi. Finya Ctrl, Maj na Échap pamoja, fungua sehemu ya «Démarrage», utaona programu zinazoitwa asubuhi. Ile usiyoijua, izime. Kama jina halionekani pale, linaweza kuwa mu «Planificateur de tâches», virusi nyingi zinapenda kujificha humo. Fundi anayejua kazi yake atatumia Autoruns, programu ndogo ya bure ya Microsoft, inayoonyesha listi zote pamoja. Pahali ambapo jina liko lakini fishie haiko, inaweka rangi ya manjano. Anaondoa alama mbele ya jina, anawasha upya, anaangalia. Asifute mbio mbio, juu alama unaweza kuirudisha, lakini kitu kilichofutwa, hapana.

Na virusi yenyewe ilitoka wapi? Kwetu, jibu ni flashi. Tangu Goma ianguke mwezi wa kwanza 2025, ofisi za jimbo zimehamia Beni, na dosie nyingi za wafanyakazi zinafuata barabara hiyo ya kilometa zaidi ya 50. Mtu anatoka Butembo na flashi mu mfuko, anafika Beni, anaingia mu birotiki ya kwanza anayoona juu ya kuchapa karatasi. Mashini ya birotiki inapokea flashi za watu wote: mwanafunzi na memwari yake, mchungaji na programu ya ibada, na mashushushu pia. Jioni flashi inarudi Butembo na mgeni ndani.

Msidhani nawasingizia watu wa birotiki. Mwaka 2023 kampuni ya usalama Mandiant ya Marekani ilitoa ripoti juu ya virusi za flashi, na ikataja nyumba za kuchapisha na mahoteli kama pahali ambapo zinaambukizwa sana. Virusi moja ya namna hiyo, PlugX, ilikuwa imeachwa na wenyewe, lakini iliendelea kujisambaza peke yake kutoka flashi hadi flashi. Wafaransa wa kampuni Sekoia walinunua anwani ya intaneti ambayo virusi ilikuwa inaipigia ripoti, kwa dola 7 tu, na wakaona mashini zinaita kutoka nchi zaidi ya 170. Mwezi wa saba 2024 Ufaransa ikaanza kazi ya kuzisafisha.

Kuna ile ingine ambayo kila mtu hapa ameikuta: unafungua flashi, dosie zote zimegeuka rakursi, ukibonyeza hakuna kitu. Watu wanalia, wanaformata flashi. Pole, msiformate! Dosie ziko mule mule, zimefichwa tu, na rakursi ndiyo mtego. Fungua «Invite de commandes», andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E ni herufi ya flashi yako, inaweza kuwa ingine), ngoja kidogo, zitatokea. Kisha futa rakursi, na chunguza mashini, kwani kama iko na virusi itazificha tena.

Kwa kuchapa, wengine wanatumia karata ya SD yenye kale kafungio pembeni: ukikafunga, mashini nyingi zinaweza kusoma lakini haziwezi kuandika kitu. Ni akili nzuri, na haina bei kubwa.

Na kama mashini haiwaki kabisa? Hapo pia diski inaweza kuwa nzima. Fundi anaweza kuwasha mashini na Ubuntu kutoka kwenye flashi, bila kuiweka ndani, na kutoa dosie zote. Ao anatoa diski na kuichomeka ku mashini ingine. Akimaliza hivyo, aformate anavyotaka, kwani kuna siku kuformata ndiyo dawa, zaidi sana kwa zile mashini za okazyo zenye Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuitunza mwezi wa kwanza 2020; Windows 10 nayo imefuata mwezi wa kumi 2025. Lakini mbele ya kumpa dola zake, mama sekretere amuombe afungue ile kopi kwenye mashini ingine, wahesabu pamoja dosie moja moja, na listi ya michango ifunguliwe hadi ukurasa wa mwisho.