Kwa nini kolera inarudi katika avenyu zilezile?

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira. Makumi ya watu walikufa na maelfu ya nyumba zikabomoka. Tunakumbuka sana maiti na nyumba. Wachache wanakumbuka kwamba mitambo ya kusafisha maji ya mji nayo iliharibika, na robine zikakauka.

Robine ikikauka, watu hawaathiriki sawasawa. Mwenye tangi kwake anangojea. Mwenye pesa ananunua maji. Mama asiye na kitu anatuma watoto na bidoni mtoni au ziwani, na vijidudu vya kolera vinaweza kuishi katika maji hayo. Mvua ikijaza vyoo vya shimo, uchafu unateremka palepale wanapochota. Basi ugonjwa huu hauchagui mtu kwa dhambi yake, kama wengine wanavyosema baada ya ibada. Unapita penye maji machafu, na maji machafu yanamfikia kwanza maskini.

Ziwa Tanganyika nalo lina shida yake. Mito mingi inaingia humo, lakini mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, kule Kalemie. Mvua ikizidi miaka mfululizo, maji hayana haraka ya kuondoka. Yanapanda kwenye nyumba za kando, kama mwaka 2024. Na nani anajenga kando ya ziwa au mtoni? Mara nyingi ni mkimbizi wa vita na mvuvi, kwa sababu kiwanja cha mahali pazuri ni cha bei. Hewa ya dunia inapata joto kwa moshi wa viwanda na magari ya nchi nyingine kuliko yetu. Lakini miti ya milima yetu tunaikata wenyewe kwa makala, na udongo unateremka na mvua.

Kamati za wamama na mashemasi zianze na haya: maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini, bidoni iwe na kifuniko, mikono ioshwe kwa sabuni au majivu. Mtu akianza kuharisha maji kama ya mchele, apelekwe kituo cha afya mara moja, kwani anaweza kufa kwa saa chache. Njiani anyweshwe maji safi: litre moja, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Na pale komini inapogawa robine za watu wote, wachungaji waulize avenyu za kando ya mto zitapewa lini.