Darubini ya Kale Nyumbani Mwetu

Mzee wetu alipofariki alituachia darubini iliyotengenezwa Japani katika miaka ya 1960, imelala katika sanduku lake la mbao. Kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 60, na bomba lake lapata urefu wa mita moja. Bomba lilikuwa zima, lakini kioo kilikuwa kimeota kuvu kwa unyevu, mfano wa utando wa buibui.

Tulikifungua kwa pupa bila ya kukitia alama. Kumbe si kioo kimoja, bali ni viwili vya aina mbalimbali, vimewekwa pamoja ili nuru isitawanyike rangi rangi. Na baina yao, ukingoni, mna vipande vitatu vyembamba vya bati. Tukaviosha kwa maji safi na sabuni kidogo, tukavikausha kwa pamba pasi na kusugua, tukavirudisha. Usiku ule tulipoielekeza kwenye Zohali, tuliona doa tu, kama ute wa yai. Tukadhani tumeiharibu amana ya marehemu, na siku tatu hatukuigusa. Siku ya nne tukakigeuza kioo cha mbele, ule upande uliobenuka zaidi ukaelekea ndani. Zohali ikatoka na pete yake, ndogo lakini dhahiri. Alhamdulillahi!

Sandukuni mlikuwamo pia kioo kidogo cheusi cha kufungwa penye jicho, eti cha kutazamia jua. Hicho tulikivunja siku ile ile. Joto la jua likusanywapo na kioo cha mbele huweza kukipasua ghafula, na jicho likaharibika kabla mtu hajawahi kuliepusha. Mwenye darubini kama hii, naye ana watoto, asikiweke hata kwa ukumbusho.

Vijana hudhani elimu hii ni ya ugenini. Abdul-Rahman as-Sufi aliandika kitabu chake cha nyota mwaka 964, zaidi ya miaka 600 kabla ya darubini, akataja kiwingu kidogo ambacho leo chajulikana kuwa ni kundi kubwa la nyota liitwalo Andromeda. Kwa macho matupu!

Ama habari za mwezi mwandamo, hizo twawaachia mashekhe. Kwetu, baada ya sala ya Isha, watoto hushika zamu kuhesabu miezi minne mikubwa ya Mushtarii. Juzi mdogo wao aliona mitatu, akagombana na nduguye mpaka tulipomweleza kuwa wa nne umejificha nyuma ya sayari.