Mtu Mzima, Kalamu na Kiswahili cha Katanga

Ufundishaji wa uandishi wa kubuni huzungumzwa mara nyingi kana kwamba mwanafunzi wake ni kijana wa chuo kikuu, aliyekwisha kusoma riwaya kadhaa na anayekimudu Kiswahili sanifu. Mwanafunzi mtu mzima, afikaye darasani jioni baada ya kazi, ni wa namna nyingine. Ana habari nyingi za kusimulia kuliko mwalimu wake, lakini mkono wake ni mzito. Katika eneo kama Base ya Kamina, mkoani Haut-Lomami, tatizo hilo huambatana na lingine lililo kubwa zaidi: aandike kwa Kiswahili kipi?

Base hiyo ilijengwa na Wabelgiji baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na katika miaka ya 1950 marubani wa Ubelgiji walifunzwa huko. Mji wa Kamina ulio jirani ni njia panda ya reli ziendazo Lubumbashi, Ilebo na Kalemie. Kwa hiyo lugha hapo ni za tabaka tabaka. Kiluba ni lugha ya wenyeji, Kilingala ni lugha ya jeshi tangu enzi ya ukoloni, Kifaransa ni cha ofisi na shule, na Kiswahili ni cha soko, reli na ujirani. Kiswahili hicho ni kile kilichokomaa katika miji ya migodi ya Katanga, ambako watu wa makabila mengi walikikuta kazini na kukifanya chao.

Chukua sentensi moja: “Batu banaenda ku kazi.” Mwalimu aliyelelewa katika usanifu ataisahihisha iwe “Watu wanaenda kazini”, na kwa sarufi yake atakuwa amefanya haki. Lakini msemaji amebadilika. Katanga nzima, Kiswahili bora, kama kinavyoitwa huko, kinanukia kanisa na darasa. Mhusika aliyekuwa mfanyakazi wa reli sasa anazungumza kama mhubiri. Mwandishi mtu mzima huihisi hasara hiyo hata asipoweza kuieleza. Wino mwekundu ukizidi, haji tena jioni ya pili, wala hasemi kwa nini.

Kwamba watu wazima wasio na elimu ndefu wanaweza kuandika kwa lugha hii si jambo la kukisia. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani. Maandishi hayo huitwa Vocabulaire, ingawa si orodha ya maneno hata kidogo; ni masimulizi ya mabwana, watumishi na mambo ya mji. Johannes Fabian aliyachapisha mwaka 1990 akisaidiwa na Kalundi Mango. Ugumu wa kwanza haukuwa msamiati. Maneno yalikuwa yameunganishwa na kukatwa pasipo mpango wa kudumu, na alama za kituo hazikuaminika. Ilibidi Kalundi Mango ayasome kwa sauti ndipo maana yajitokeze. Aliyeandika alikuwa ameandika sauti, na jicho peke yake halikutosha kuipokea.

Hapa pana somo kubwa kwa darasa la jioni. Kosa ambalo mwalimu hana budi kulishughulikia mapema ni la mipaka ya maneno na sentensi, kwa kuwa ndilo linalomzuia msomaji wa mbali. Kiambishi ba- hakimzuii mtu. Tena njia ya kulirekebisha ipo katika mfano huohuo: maandishi yasomwe kwa sauti na mwanafunzi mwingine, siyo mwandishi mwenyewe, naye mwandishi asikilize ni wapi msomaji anajikwaa. Pale anapojikwaa ndipo pa kuweka nafasi au nukta. Masahihisho ya aina hiyo hayamwaibishi mtu mzima.

Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilionyesha njia nyingine. Mwaka 1986 Fabian alifuatilia jinsi waigizaji hao walivyotunga mchezo kutokana na msemo mmoja kuhusu mamlaka: kwamba huliwa mazima. Hawakuanza na maandishi. Walijadili msemo, wakagawana maonyesho, kisha kila mmoja akayatafuta maneno yake katika mazoezi. Usanii wote ulikuwamo, isipokuwa karatasi. Darasa linaweza kuazima utaratibu huo na kuongeza karatasi mwishoni: tukio liigizwe kwanza, kisha kila mmoja aliandike kama alivyolisikia. Kuhusu masimulizi yanayounganisha mazungumzo, uamuzi wa kutumia Kiswahili bora au cha Katanga ubaki kwa mwandishi, mradi awe ameamua kweli.

Kuna jambo moja la kiutendaji ambalo walimu hulisahau. Mtumishi mwingine wa zamani wa nyumbani kutoka Katanga, ambaye maandishi yake yalichunguzwa na Jan Blommaert katika kitabu cha mwaka 2008, aliandika maisha yake mara tatu kwa ajili ya bibi wa Kibelgiji aliyewahi kumwajiri. Marudio hayo hayalingani. Mtu asiye na kabati la karatasi hurudia kutunga kwa kukumbuka upya, si kwa kurekebisha ukurasa ulio mbele yake. Kinachoitwa rasimu ya pili katika vyuo, kwake ni masimulizi mapya. Katika darasa la Kamina, basi, daftari mbili kwa kila mwanafunzi zingefaa kuliko kitabu kimoja cha kanuni za uandishi: moja ya kumpa mwalimu, na moja ya kubaki nyumbani.